Ampli inavuma: namna ya kutafuta chanzo cha kelele hatua kwa hatua



Katika parokia zetu nyingi, ampli inayotumika siku ya Jumapili ni ile ile inayopiga muziki sebuleni kwa mchungaji au kwa mzee wa kanisa siku nyingine za juma. Ni mashine ndogo ya nyumbani: matundu mekundu na meupe kwa nyuma, bafle mbili, mikro moja au mbili, na simu ya kupigia nyimbo. Na nyingi kati yake zina ugonjwa mmoja. Kabla mtu hajasema neno lolote, bafle zinavuma.

Watu wanazoea. Wengine wanasema mashine imezeeka, na kamati inaanza kuchangisha pesa ya kununua nyingine. Kisha ile mpya inafungwa pahali pale pale, kwa kamba zile zile, nayo inavuma vile vile. Pesa zimekwenda, kelele imebaki. Wakati huo mama mzee aliyeketi nyuma, ambaye masikio yake yamechoka, anapoteza nusu ya maneno. Mtume Paulo aliwaandikia Wakorintho juu ya tarumbeta isiyotoa sauti ya wazi. Jambo hilo halijaisha.

Katika makala hii tunataka kuonyesha mambo mawili. La kwanza: kila mvumo una chanzo chake, na chanzo hicho kinaweza kupatikana kwa kutenganisha vyombo kimoja kimoja, mara nyingi bila kufungua ampli wala kutoa franka hata moja. La pili ni zito zaidi: kuna njia moja ya kunyamazisha mvumo ambayo inaweza kuua mtu, nayo inatumika sana. Tutaieleza kusudi tuiache.

Sikiliza kwanza: ni kelele gani?

Daktari hatoi dawa kabla ya kuuliza mgonjwa anaumwa wapi. Na sisi tuanze kwa kusikiliza. Kelele za ampli ni za aina tatu kubwa.

Ya kwanza ni mvumo mzito, «mmmm», kama nyuki wengi walio mbali ndani ya mzinga. Huo unatoka kwenye umeme wenyewe. Umeme wa nyumba zetu ni wa volti 220, nao unakwenda na kurudi mara 50 kila sekunde. Ukipata njia ya kuingia katika sauti, unasikika kama noti moja ya chini sana isiyobadilika. Wakati mwingine noti hiyo ni ya mara 100 kwa sekunde, juu kidogo kuliko ile ya 50. Tofauti hiyo ina maana, tutaiona mbele.

Ya pili ni mlio mkali, «zzzz», kama nzi aliyefungwa ndani ya chupa. Huo mara nyingi unatoka kwa kamba iliyokatika, taa, chaja, onduleri au regilateri ya sola.

Ya tatu ni «shhhh», kama mvua ya mbali. Hiyo ni pumzi ya kawaida ya kila ampli sauti ikifunguliwa sana. Kama inasikika tu ukiweka sikio karibu na bafle, iache. Siyo ugonjwa.

Kuna pia «titi-titi-titi» inayokuja ghafla na kuondoka. Hiyo ni simu. Simu za mtandao wa zamani wa GSM hazirushi mawimbi mfululizo. Zinarusha kwa vipande, kama mara 217 kila sekunde, na kamba ya mikro inavidaka. Dawa yake ni kuondoa simu juu ya mimbari na karibu na ampli, au kuiweka katika hali ya ndege. Haihitaji fundi.

Jaribio la kwanza: kitufe cha sauti

Washa ampli, usicheze chochote, kisha shusha kitufe cha sauti mpaka sifuri. Sikiliza vizuri.

Kama mvumo unapungua au unapotea pamoja na kitufe, basi unaingia kabla ya kitufe: katika mikro, simu, kompyuta, dekoda, au katika kamba zinazoviunganisha na ampli. Hii ni habari njema, kwa sababu vitu hivyo viko nje na vinaweza kuchunguzwa kwa mikono.

Kama mvumo haubadiliki hata kitufe kikiwa sifuri, basi unaingia baada ya kitufe. Hapo tunashuku sehemu ya ndani inayolisha ampli umeme, au ile ya mwisho inayosukuma bafle.

Kama bafle zimenyamaza lakini sanduku lenyewe linanguruma, chomoa kamba za bafle ampli ikiwa imezimwa, kisha iwashe tena na usikilize. Kelele ikibaki, ni transfo inayotikisika ndani. Skurubu zake zimelegea, au umeme unaoingia si safi. Kelele hiyo haimo katika sauti, na ukisogea mita mbili huisikii tena.

Jaribio hili moja linachukua dakika moja, nalo linagawa kazi yote nusu kwa nusu. Mtu asiyelifanya atabadilisha kamba wakati ugonjwa uko ndani, au atafungua mashine wakati ugonjwa uko nje.

Jaribio la pili: ondoa vyote, rudisha kimoja kimoja

Zima ampli. Chomoa kila kitu kilichoingia nyuma yake isipokuwa umeme na bafle. Usiache kamba ikining'inia katika tundu bila kitu upande wa pili. Kamba ya namna hiyo ni kama antena, inadaka mvumo wa nyumba nzima na kukudanganya. Washa tena, weka sauti pale inapokuwa siku zote.

Kama sasa kuna kimya, ampli ni nzima. Rudisha chombo cha kwanza, sikiliza. Rudisha cha pili, sikiliza. Kile kitakachorudisha mvumo, ndicho chenye neno, au kamba yake. Badilisha kamba kwanza, kwa sababu kamba inaharibika mara nyingi kuliko chombo.

Kama mvumo uko upande mmoja tu, kushoto au kulia, fanya hivi: geuza zile fishi mbili nyuma ya ampli, nyekundu iingie kwa nyeupe na nyeupe kwa nyekundu. Mvumo ukihamia bafle nyingine, unatoka kwa chombo au kwa kamba. Ukibaki pale pale, uko ndani ya ampli. Jambo hilo dogo linaokoa siku nzima ya kubahatisha.

Kamba: wavu unaolinda sauti

Ukikata kamba nzuri ya sauti utaona waya mwembamba katikati, na kuuzunguka kuna wavu wa nyuzi za shaba. Waya wa kati unabeba sauti. Wavu una kazi mbili: unarudisha mkondo, na unazuia umeme wa nje usiufikie waya wa kati. Ndio sehemu ya kile ambacho mafundi wetu wanaita masi. Wavu ukikatika kwenye fishi, pale kamba inapopindwa kila Jumapili, sauti bado inaweza kupita lakini mvumo unaingia kwa nguvu. Kwa hiyo mikro «inayofanya kazi» inaweza kuwa na kamba mbovu.

Ili kujua, washa kwa sauti ndogo na utikise kamba karibu na fishi zote mbili. Mvumo ukija na kuondoka, umepata. Mwenye multimetri apime wavu kutoka mwisho mmoja hadi mwingine: namba iwe karibu na sifuri, chini ya ohm chache, na isirukeruke ukitikisa. Fundi mwenye chuma cha kuchomelea atakata sentimita tano, kisha atafunga fishi upya. Hiyo ni bei ndogo kuliko bei ya kamba mpya, na ndogo sana kuliko bei ya ampli.

Njia ambayo kamba inapita ni muhimu vilevile. Kamba ya sauti isilale sambamba na kamba ya umeme, wala isizungushwe juu ya transfo au ralonji. Kama lazima zikutane, zipishane kama msalaba. Na ile ziada ya mita kumi usiikunje nyuma ya ampli. Tumia kamba fupi. Kamba za nyumbani zenye waya mmoja na wavu hazipendi safari ndefu. Zikipita mita tano au sita, zinaanza kuokota kelele.

Kwa safari ndefu kuna kamba za mikro zenye fishi ya miguu mitatu. Ndani yake mna nyaya mbili zilizosokotwa pamoja. Sauti inapita katika zote mbili, lakini moja ikipanda nyingine inashuka. Kelele ya nje inazigusa zote mbili sawasawa. Chombo kinachopokea kinachukua tofauti kati yake. Kilicho sawa kinafutika, sauti inabaki. Wazo la kusokota nyaya mbili ni la zamani: Alexander Graham Bell alilipatia hati mwaka 1881, wakati simu za kwanza zilikuwa zinasumbuliwa na kelele. Gitaa nayo ilipata dawa ya namna hiyo. Mwaka 1955, Seth Lover wa kampuni ya Gibson alitengeneza kidaka sauti chenye koili mbili zinazopingana, kusudi mvumo ufutike. Kama gitaa ya korali yenu ina koili moja moja, mpigaji ageuke kidogo kidogo, mvumo utapanda na kushuka. Atafute upande wenye kimya, na asogee mbali na ampli.

Ni lazima kamba hizo za miguu mitatu ziingie katika mashine yenye tundu la miguu mitatu. Mtu akizigeuza kuwa fishi moja ndogo ili ziingie katika ampli ya nyumbani, faida ile inapotea.

Mvumo wa njia mbili

Sasa tufike kwenye chanzo kinachosumbua hata mafundi. Kila chombo ni kizima, kila kamba ni nzima, lakini vikiunganishwa vinavuma.

Tuchukue mfano. Kompyuta inachajiwa kwenye prizi ya ukutani, kwa fishi yenye waya wa ardhi. Mashine ya kuchanganya sauti imechomekwa kwenye prizi nyingine, nayo ina waya wa ardhi. Kisha tunaziunganisha kwa kamba ya sauti. Sasa vyombo hivyo viwili vimeshikana kwa njia mbili: kwa waya wa ardhi ndani ya ukuta, na kwa wavu wa kamba ya sauti. Njia hizo mbili zinafanya duara. Ardhi ya prizi hii na ya ile hazilingani kabisa, kwa hiyo mkondo mdogo wa umeme unazunguka katika duara hilo, unapita ndani ya wavu, na kuingia katika sauti kama mvumo wa 50.

Namna ya kuutambua ni rahisi. Chomoa chaja, kompyuta ibaki kwa batri yake. Mvumo ukikatika mara moja, umepata duara. Nyumbani jambo hilo linatokea sana na dekoda ya televisheni: kamba inayotoka kwenye sahani ya juu ya nyumba nayo inaweza kugusa ardhi. Ifungue kutoka kwa dekoda, sikiliza.

Dawa zake, kuanzia ile isiyo na gharama, ni hizi. Chomeka vyombo vyote katika ralonji moja nzuri, kutoka prizi moja, kusudi ardhi yao iwe moja. Acha kompyuta au simu itumie batri yake wakati wa ibada. Kama ampli ina fishi ya miguu miwili tu, ichomoe, igeuze juu chini, na uirudishe. Mara nyingine mvumo unapungua. Kama bado, nunua kisanduku chenye transfo ndogo ya kutenganisha sauti. Ndani yake sauti inaruka kutoka koili moja hadi nyingine bila waya kuunganishwa, na duara linakatika.

Lakini waya wa ardhi usiguswe

Hapa tunasema wazi. Kuna dawa nyingine inayofanya kazi upesi: kuvunja mguu wa ardhi wa fishi, au kuukata waya wa kijani na manjano. Duara linakatika, mvumo unanyamaza, kila mtu anafurahi. Tunaomba jambo hilo lisifanyike katika nyumba zetu wala katika makanisa yetu.

Waya wa ardhi haukuwekwa kwa ajili ya sauti. Uliwekwa kwa sababu siku moja waya wa volti 220 unaweza kulegea ndani ya mashine na kugusa sanduku la chuma. Waya wa ardhi ukiwepo, umeme unapita huko na fyuzi inakatika. Usipokuwepo, sanduku lote linabeba volti 220, na kwa kupitia wavu wa kamba, hata mikro inazibeba. Mashine inaendelea kuimba vizuri. Hakuna anayejua kitu mpaka mtu asimame miguu mitupu juu ya sakafu yenye maji, au mpiga gitaa aguse mikro kwa midomo huku mikono iko kwenye nyuzi za gitaa iliyounganishwa na ampli nyingine.

Tarehe 30 Oktoba 2005, mjini Waco, katika jimbo la Texas huko Marekani, mchungaji wa kanisa moja la Wabatizo alikuwa amesimama katika maji ya ubatizo. Alinyosha mkono kushika mikro, umeme ukampiga mbele ya waumini, naye akafa. Alikuwa na miaka 33. Tunalitaja jambo hilo kwa sababu na sisi tunabatiza. Kwenye kisima cha ubatizo, kwenye Ziwa Kivu, Ziwa Tanganyika au mtoni, mikro yenye kamba iliyounganishwa na umeme isifike mkononi mwa mtu aliye majini. Tumieni mikro ya batri isiyo na kamba, au sauti ya kinywa.

Ardhi yenyewe pia ichunguzwe. Katika mji wa Goma kazi hiyo ni ngumu kuliko kwingine. Mji umejengwa juu ya mawe ya volkeno. Januari 2002 lava ya Nyiragongo ilipita katikati ya mji, na Mei 2021 ikafika tena kwenye ukingo wake. Mwamba mkavu wa namna hiyo haupitishi umeme vizuri, na chuma kifupi kilichopigwa katikati ya mawe hakitoshi. Fundi wa umeme apime. Mara nyingi itahitajika vyuma kadhaa vilivyounganishwa, au waya mrefu wa shaba uliofukiwa katika udongo wenye unyevu. Tena aweke disjonkteri ya diferensieli ya miliampea 30, ile inayokata umeme yenyewe mara mkondo unapopotea kupitia mwili wa mtu. Mkitoa pesa kwa kitu kimoja tu mwaka huu, toeni kwa hicho.

Na mtu akisema kwamba mikro au ampli «inamchoma» vidole, msicheke wala msimwambie avae viatu. Zimeni kila kitu, chomoeni, na mwite fundi.

Umeme unatoka wapi?

Kwetu Mashariki ampli moja inaweza kulishwa na mtandao asubuhi, na grupu mchana, na batri usiku. Hilo ni tabu, lakini kwa kutafuta mvumo ni msaada mkubwa.

Kama ampli yako ina tundu la volti 12, ilishe kwa batri peke yake, bila chaja, bila onduleri. Kukiwa kimya, mvumo unatoka kwa umeme wa 220 au katika sehemu ya ampli inayoupokea. Mvumo ukibaki, angalia ni nini kingine kinachoshika batri hiyo hiyo. Mara nyingi ni simu inayochajiwa huku inapiga nyimbo: simu na ampli zinashikana kwa chaja na tena kwa kamba ya sauti, na lile duara linarudi. Chomoa chaja ya simu.

Kama mlio unasikika mchana na kutoweka jua likizama, shuku regilateri ya sola. Zile za bei ndogo zinafungua na kufunga mkondo wa paneli kwa haraka sana, na mlio huo unapita katika nyaya za batri. Ili kujaribu, funika paneli kwa blanketi. Kama ndiyo yenyewe, wekeni ampli kwenye batri yake iliyochajiwa kabla, au tenganisheni nyaya za ampli na za regilateri.

Onduleri nazo hazifanani. Onduleri za bei ndogo hazitoi wimbi laini kama la mtandao. Zinatoa wimbi la ngazi, na ngazi hizo zinafanya transfo ingurume na bafle zilie «zzzz». Kwa ampli, tafuteni onduleri ya wimbi safi, hata ikiwa ndogo ya wati.

Kwa grupu, sikilizeni noti. Grupu ndogo nyingi zinazunguka mara 3000 kwa dakika kusudi zitoe umeme wa 50. Injini ikipungua mwendo, noti ya mvumo inashuka nayo. Mkisikia hivyo, mmejua hakika kwamba mvumo unatoka kwa umeme, siyo kwa mikro.

Mwishoni, zimeni taa moja moja, taa za neoni, frigo, na kila chaja iliyo kwenye prizi. Chaja moja ya bei ndogo kwenye ralonji ya ampli inaweza kulisha kelele kanisa zima.

Ikiwa ugonjwa uko ndani

Sasa tuseme umefanya yote. Hakuna kitu nyuma ya ampli, kitufe kiko sifuri, mvumo uko palepale katika bafle zote mbili. Hapo ni kazi ya fundi, lakini ni vizuri mwenye mashine ajue kinachofanywa, kusudi asiambiwe kwamba «kila kitu kimeungua».

Ndani ya ampli ya kawaida, transfo inashusha 220. Dayodi nne zinageuza umeme ule unaokwenda na kurudi uelekee upande mmoja, na hapo mawimbi 50 yanakuwa mapigo 100. Kisha makopo mawili makubwa, yaani kondensateri, yanajaza nafasi kati ya mapigo, kama tangi la maji linalofanya bomba litoe maji sawasawa hata pampu ikisukuma kwa vishindo. Ndiyo sababu tulisema noti ya 100 ina maana: mara nyingi ni kondensateri zilizochoka. Ndani yake mna maji maji yanayokauka kwa miaka, na joto linaharakisha. Mafundi wanahesabu kwamba kila digrii 10 za ziada zinakata maisha yake kama nusu. Kwa hiyo msifunike ampli kwa kitambaa cha kupamba inapofanya kazi.

Dalili zake: mvumo ulianza kidogo ukaongezeka kwa miezi, kichwa cha kopo kimevimba, kuna majimaji chini yake. Fundi abadilishe kwa volti sawa au zaidi, uwezo sawa au zaidi kidogo, na aheshimu alama ya upande hasi. Kama ni dayodi moja imekatika, mvumo utakuwa wa 50 na wenye nguvu. Kama ni skurubu ya masi iliyolegea au mchomeleo uliopasuka, utasikia mvumo ukibadilika ampli ikipata joto.

Tunaonya tena: kondensateri kubwa zinashika umeme hata baada ya kuchomoa. Anayefungua achomoe kwanza, atoe chaji kwa rezista ya ohm 1000 yenye wati 5 kwa dakika nzima, kisha apime kwa multimetri kabla ya kutia mkono. Asiyekuwa na vyombo hivyo asifungue.

Kuna dalili moja isiyongoja. Kama bafle inavuma kwa nguvu sana na ngozi yake imesukumwa nje au ndani na kubaki hapo, zima mara moja. Transista ya mwisho imeungua, na umeme unakwenda moja kwa moja kwenye bafle. Dakika chache zinatosha kuiunguza nayo.

Kazi ya Jumamosi

Tunashauri kila parokia iwape vijana wa sono saa mbili za Jumamosi moja, wakati hakuna ibada wala mazoezi ya korali. Wawe na daftari. Waandike: kitufe sifuri, mvumo upo au haupo, vyote vikiwa nje, upo au haupo, kisha chombo kimoja kimoja, kisha umeme wa mtandao, grupu, batri. Wabadilishe kitu kimoja tu kwa wakati mmoja. Anayebadilisha vitatu pamoja anaweza kupata kimya, lakini hatajua kilichokileta, na juma linalofuata ataanza upya. Kamba iliyo mbovu ifungwe fundo au uzi mwekundu, isirudi kwenye sanduku la kamba nzima. Na kabla ya kufunga kazi, waangalie kila fishi yenye mguu wa ardhi: ambayo mguu wake umevunjwa ibadilishwe siku hiyo hiyo.

Kamati iliyo karibu kuchangisha pesa ya ampli mpya isome kwanza daftari hilo. Huenda kinachohitajika ni sentimita tano za kamba na waya wa ardhi ulio hai.

Mungu awabariki, na awalinde ninyi pamoja na wale wanaoshika mikro zenu.